Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya msitu na maji iliyoko kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Geita, nchini Tanzania. Inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).

Jiografia

Hifadhi ina eneo la takriban kilomita za mraba 457. Karibu nusu ni nchi kavu, yaani kisiwa cha Rubondo chenyewe na visiwa vidogo vinavyokizunguka. Sehemu iliyobaki ni maji ya ziwa. Sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa na msitu mnene. Kandokando kuna mabwawa ya mafunjo, miamba na fukwe za mchanga.

Historia

Kabla ya kuwa hifadhi, Rubondo kiliishi Wazinza, waliovua samaki na kulima. Kwao asili ni pwani ya kusini-magharibi ya ziwa, na lugha yao, Kizinza, ni ya Kibantu. Uzinza ulijulikana pia kwa wafua chuma wake, muda mrefu kabla ya migodi ya dhahabu ya Geita.

Mwaka 1965 kisiwa kilifanywa pori la akiba, na wakazi walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo msitu ambao mgeni huuona kama pori lisiloguswa ulikuwa pia makazi ya watu.

Wanyama

Wenyeji wa kisiwa ni pamoja na nzohe, pongo, kiboko, tumbili, fisi-maji, mamba na chatu. Simba na chui hawapo.

Kati ya miaka 1966 na 1969, Shirika la Zuolojia la Frankfurt, likiongozwa na Bernhard Grzimek, lilileta kundi dogo la sokwe lisilofikia 20. Wengi walikuwa wamefungwa katika bustani za wanyama za Ulaya. Waliachiwa bila kufundishwa maisha ya porini, lakini walijifunza wenyewe kutafuta chakula na kujenga viota mitini, wakazaliana. Tembo, twiga na mbega nao waliletwa. Vifaru walioletwa hawakudumu.

Uvuvi

Maji ya hifadhi ni mazalia ya samaki, wakiwemo sato na sangara. Uvuvi wa biashara umepigwa marufuku humo; wageni huruhusiwa kuvua kwa burudani wakiwa na kibali. Samaki wanaokua humo huweza kuingia katika maji ya jirani, hivyo ulinzi huo unawahusu pia wavuvi wa nje ya mpaka.

Utalii

Mgeni hufika kwa ndege ndogo au kwa boti kutoka bara, kwa mfano kutoka Muganza wilayani Chato au Nkome wilayani Geita. Makao makuu ya hifadhi yako Kageye.

Shughuli kuu ni kutembea katika njia za msituni pamoja na askari wa hifadhi, kufuatilia sokwe, kutazama ndege kama tai mla samaki, na safari za boti. Kuona sokwe si jambo la uhakika, kwa kuwa msitu ni mnene nao huhamahama. Kuogelea ziwani ni hatari kwa sababu ya mamba na viboko.

Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na hufaa kwa matembezi. Kuanzia Desemba hadi Februari huonekana ndege wahamaji.