Mto Usikatike: Kuunganisha Picha za Video Jukwaani

Ikiwa ulikuwa bwaloni siku ya wazazi mwaka jana, basi wajua ninakotaka kuanzia. Mchezo wa chama chetu ulihusu mto uliokauka. Nyuma ya waigizaji tulitundika shuka jeupe, nayo projekta ikawa inamulika mto uliojaa maji. Mama wa mchezo alipopiga magoti ukingoni ili alie, picha ya mto mkavu ilipaswa kuingia. Haikuingia. Shuka likawa jeusi tititi, kisha ikatokea sura ya kompyuta yenyewe: majina ya faili, picha ya timu ya kandanda anayoishabikia mwenye kompyuta, na kishale kikitangatanga kutafuta klipu ya pili. Wazazi wakaangua kicheko. Mwenzetu alimaliza kilio chake akiwa amewapa watu mgongo. Aliyekuwa nyuma ya ile kompyuta ni mimi.

Wengi walinitetea, ati kompyuta ni kuukuu. La hasha! Kosa ni kwamba nilikuwa nikicheza klipu moja, naifunga, halafu naifungua nyingine. Baina ya kufunga na kufungua pana pengo, na pengo hilo ndilo lililochekwa. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini nadhani hawakuwahi kuendesha projekta. Katika kazi hii anayeshika moja ndiye anayeponyokwa.

Watu wa sinema walilijua jambo hili zamani sana. Filamu ya utepe haikuingia yote katika gurudumu moja. Gurudumu la futi 2,000 lilichukua kama dakika 20 tu, kwa hivyo chumba cha mtambo kilikuwa na projekta mbili. Gurudumu la kwanza lilipokaribia kwisha, kidoa kidogo kilitokea katika pembe ya juu, upande wa kulia wa picha. Mwendeshaji akakiona, akawasha mota ya projekta ya pili. Sekunde kama 7 baadaye kikatokea kidoa cha pili, naye akafunga mwanga wa mtambo huu na kufungua wa ule. Aliyelipa kiingilio hakujua lolote. Siri yenyewe ni ndogo: mtambo wa pili ulikuwa tayari unazunguka kabla haujahitajika. Hata DJ wa arusi hufanya vivyo hivyo. Wimbo unaofuata huwa keshausikiliza masikioni mwake huku nyinyi mnacheza ule wa kwanza.

Programu za kuendesha video jukwaani zimejengwa juu ya siri hiyohiyo. Ipo QLab, ambayo hufanya kazi katika kompyuta za Mac pekee. Ipo Resolume, iliyotoka Uholanzi. Na kwa sisi tusio na karo ya kuchezea, ipo OBS Studio, ambayo ni ya bure na hukubali Windows. Katika OBS kuna hali ya studio yenye madirisha mawili: la kushoto unatayarishia picha ijayo, la kulia ndilo wanaloliona watu. Ukibonyeza, picha ya kushoto inayeyukia ndani ya ile ya kulia. Lakini tahadhari! Usipoigusa, myeyuko huo huchukua milisekunde 300, yaani hata theluthi ya sekunde haifiki. Kwa mto unaokauka, huko ni kupepesa jicho tu. Irefushe.

Sasa hebu nikupe jambo lililonisumbua wiki nzima. Katika programu ambazo klipu hupangwa kwa matabaka, moja juu ya nyingine, mimi nilidhani njia ya haki ni kuififisha ya chini huku naipandisha ya juu. Nikaona kila mara katikati picha inafifia, kama mtu aliyepitisha kivuli. Kumbe ni hesabu. Katikati ya safari, tabaka la juu limefika asilimia 50. Nusu iliyobaki inatoka chini, lakini huko nako nimeshapunguza hadi 50, na nusu ya nusu ni 25. Jumla ni 75. Ile robo iliyopotea ndiyo giza! Dawa yake: iache ya chini iwake kamili, pandisha ya juu peke yake mpaka ifunike yote, ndipo uizime ya chini.

Tatizo lingine limo ndani ya faili. Video nyingi za simu hazihifadhi kila picha nzimanzima. Huhifadhi moja kamili, kisha zinazofuata ni mabadiliko tu: jani limesogea, maji yametikisika. Hivyo faili huwa jepesi, lakini ukiirukia katikati kompyuta inalazimika kurudi kwenye picha kamili na kujenga upya, nawe unaona inakwama. Mafundi wa jukwaa hugeuza klipu zao ziwe za kodeki kama ProRes au HAP, ambazo kila picha imekamilika yenyewe. Faili hunenepa vibaya sana, lakini haligugumizi. Kama klipu yako ni moja na inaanza mwanzoni, usijisumbue.

Vitu vidogo vilivyoniangusha mwaka jana ni hivi. Kwanza, projekta ilikuwa ikionyesha kila kilichomo kwenye kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague kupanua wala si kunakili, na vituko vyako vibaki kwako. Pili, katika OBS kila klipu ina kisanduku kinachoagiza kusionekane kitu video ikiisha. Kiondoe alama, ili picha ya mwisho ibaki ikisubiri. Mwigizaji akisahau maneno (na wanasahau, jameni!) mto utasimama, hautatoweka.

Mwaka huu tulirudia mchezo uleule, na mama akawa yuleyule. Kabla ya kuanza alikuja nyuma akaniuliza, "Leo pia watanicheka?" Nilimwambia sijui. Alipopiga magoti nilibonyeza, na mto ukakauka kwa sekunde 6, taratibu, bila yeyote kuona ulipoanzia. Pale mbele mzee mmoja alivua kofia.

Klipu zote mbili zimo katika flashi iliyo kabatini kwa mwalimu mlezi. Wa kidato cha pili mtakaonirithi, nawaomba, msije mkaifuta ili mtie nyimbo.