Je, siri yangu ingekuwa salama kwako?



Mchana wa leo, ukishatoka kanisani, huenda utakaa na familia mbele ya televisheni. Nikupendekezee filamu ya zamani, isiyo na rangi, ambayo wengi wameipita: “I Confess” ya mwongozaji Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1953. Wanaomjua Hitchcock hutaja “Psycho” au “The Birds”. Hii hutajwa kwa nadra, ingawa inamgusa mtu wa kanisani kuliko hizo zote.

Mambo yanatokea mjini Quebec, Kanada. Usiku mmoja Otto Keller, mtumishi wa nyumba ya mapadre, anavaa kanzu ya padre, anaenda kumwibia mwanasheria na kumuua. Kisha anarudi kanisani na kuungama kwa Padre Michael Logan. Wasichana wawili wanawaambia polisi kuwa walimwona padre akitoka kwenye nyumba ile. Tena marehemu alikuwa akimtishia mwanamke aliyependana na Logan kabla hajawa padre. Shaka yote inamwangukia Logan.

Anamjua muuaji. Wanaishi chini ya paa moja. Neno moja tu lingemwokoa, hata anapofikishwa mahakamani. Hasemi, kwa sababu alilisikia katika kitubio.

Hofu ya filamu hii haitoki kwenye damu, maana muuaji tunamjua tangu mwanzo. Inatoka kwenye ukimya. Mwigizaji Montgomery Clift anaubeba usoni, karibu bila maneno. Naye Keller halali: kila siku anamchungulia padre, atasema au hatasema? Yeye mwenyewe alishindwa kukaa na siri yake hata usiku mmoja, hivyo haamini kwamba mwingine anaweza kuitunza. Mwisho wake sikusimulii.

Sasa tujiulize mimi na wewe. Dada anakufuata baada ya ibada, anakueleza kwa machozi yanayomsibu katika ndoa yake. Siku tatu baadaye, kwenye jumuiya, unasema, “Tumwombee fulani, anapitia magumu.” Mwenzako anauliza magumu gani, nawe unaeleza. Hakuna aliyejiita mmbeya, na wote mmefumba macho mkaomba. Lakini dada yule akisikia, hatakuja tena kwako, pengine hata kanisani. Nasi tutasema imani yake imepoa.

Soma Mithali 11:13. Hapo uaminifu wa mtu unapimwa kwa namna anavyotunza jambo aliloambiwa.

Simaanishi kuficha uovu. Wewe hukuketi kitubioni. Mtoto akiumizwa, au mtu akitaka kujidhuru, tafuta msaada mara moja. Kunyamaza hapo ni kumwacha mwenzako aangamie. Lakini tuwe wakweli: siri nyingi tunazozimwaga si za kumwokoa mtu. Tunazimwaga kwa sababu ni tamu mdomoni.

Padre Logan alikuwa tayari kupoteza jina lake na uhai wake kwa siri ya mtu aliyemtendea vibaya. Sisi tunashindwa kuitunza ya mtu anayetupenda.

Wiki hii mkumbuke mtu mmoja aliyekuamini na siri yake. Mwombee ukiwa peke yako, mlango umefungwa, na jina lake liishie hapo.

Jumapili njema.