Kugawa, kugawia, kugawana: tuelewe maneno kabla ya kugusa mali



Magomvi mengi yanayofikishwa kwa wachungaji na wazee wa kanisa katika sehemu zetu za mashariki yanahusu mgawanyo: shamba la marehemu, parsele ya mjini, franga za AVEC, msaada uliofika kwa waliokimbia vita. Mara nyingi watu wote wamekubali kwamba vitu vigawanywe. Ugomvi unaanza kwa sababu kila mtu alisikia neno hilo kwa maana yake. Basi tuyaangalie maneno yenyewe.

Kugawa ni kazi ya mwenye kitu mkononi. Shemasi anagawa unga. Wengine wanapanga mstari na kungoja. Kugawanya ni kukata kitu kimoja vipande, bila kusema bado nani atapata kipi. Kugawia kunamtaja mpokeaji: mama fulani amegawiwa debe moja. Kugawana ni tofauti na hayo yote. Hapo wenye haki wote wamekaa pamoja, wanaona mali yote, na kila mmoja ana sauti. Halafu kuna kugawanyika, jambo linalowapata watu wenyewe wakati mali imegawanywa vibaya.

Katika Luka 12 mtu mmoja alimwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi. Urithi ulikuwa wao wote, lakini mmoja ameukamata na mwingine anaomba kama mgeni. Kilichotakiwa kuwa kugawana kimekuwa kugawiwa. Yesu alikataa kuwa mgawanyi wao, akawaonya wote juu ya tamaa. Nasi tukisikia katika kikao cha familia, "Baba mkubwa atawagawia," tuulize kwa heshima: mali hii ni yake anayegawa, au ni yetu ya kugawana?

Neno lingine lenye mtego ni "sawa". Tuchukue mfano wa AVEC yenye wanachama 20. Kila mkutano wanununua hisa, kila hisa franga 2.500, na muhuri unapigwa kwenye kitabu cha mwanachama. Mwisho wa mzunguko kuna hisa 400, na kasha lina franga 1.200.000 pamoja na faida ya mikopo. Gawanya jumla kwa hisa: kila hisa ina thamani ya franga 3.000. Mama mwenye hisa 30 anapata 90.000, mwenye hisa 10 anapata 30.000. Yule wa pili akilalamika kwamba hawakugawana sawa, ni kwa sababu alihesabu vichwa: 1.200.000 kwa watu 20, kila mtu 60.000. Hakuna aliyeiba. Kundi lilipatana kugawana kwa kadiri ya hisa, naye alielewa sawa kwa sawa.

Biblia inazijua njia zote mbili. Katika 1 Samweli 30 Daudi aliamua kwamba waliobaki kulinda mizigo wapate fungu sawa na waliokwenda vitani. Hapo walihesabu watu, si kazi. Lakini katika Hesabu 26 kabila kubwa lilipewa urithi mkubwa, na kabila dogo urithi mdogo. Hapo ni kwa kadiri. Kila njia ina mahali pake, mradi itajwe mbele, siyo wakati kasha limefunguliwa.

Kwenye urithi, neno la kwanza halitakiwi kuwa kugawa bali kutenga. Kile ambacho ni cha mjane mwenyewe, kwa utaratibu wa mali wa ndoa yake, kinatengwa kwanza, kwa maana si mali ya marehemu. Baada ya hapo, kama hakuna wosia, sheria ya familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, kwa kawaida inawapa watoto robo tatu, nao wanagawana kwa mafungu yaliyo sawa. Binti na kijana ni sawa, na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa naye yumo, kama baba alimtambua alipokuwa hai. Robo inayobaki inamhusu mjane au mgane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Zaidi ya hayo, mjane ana haki ya kuitumia nyumba waliyoishi. Desturi ya kusema "binti ataolewa, hana fungu" haikubaliani na sheria hiyo. Na mabinti watano wa Selofehadi waliisimamia haki yao mbele ya Musa (Hesabu 27), Bwana akasema wana haki.

Neno la mwisho ni "kugawa upya". Kama mtoto aliyekuwa safarini alisahauliwa, ni sawa kuvirudisha vyote mezani na kugawa upya. Lakini kama baba mdogo alichukua shamba la mjane na watoto wake walipokuwa wamekimbia, tusiseme "tugawe upya". Neno hilo linampa yeye nafasi ya kudai fungu katika kitu kisicho chake. Neno linalofaa ni kurudisha. Mwaka wa yubile katika Walawi 25 ulikuwa wa kurudisha: kila mtu alirudia milki yake.

Zakayo aliyatofautisha mambo hayo vizuri (Luka 19). Nusu ya mali yake aliitoa kwa maskini: huko ni kugawa. Wale aliowadhulumu aliahidi kuwarudishia mara nne: huko ni kurudisha. Hakuita deni lake sadaka. Mtu anayerudisha alichonyang'anya hastahili kupigiwa makofi kanisani kama mfadhili, na anayerudishiwa halazimishwi kushukuru kama aliyesaidiwa.

Kwa hiyo, ndugu wazee, mashemasi na wamama wa komite, kabla ya kikao chochote cha mgawanyo tuulize mambo manne na kuandika majibu kwenye karatasi, mbele ya wote. Mali hii ni ya nani? Kuna kitu cha kutenga au kurudisha kwanza? Tunagawana kwa vichwa au kwa kadiri? Nani hayupo hapa, na nani atasema kwa ajili yake?

Majibu yakieleweka kwa wote, mali itagawanywa, na familia haitagawanyika. Bwana atusaidie.