Anoraki: Vazi la Mapenzi Lililogeuka Kejeli

Si unalijua lile jaketi jepesi la kuzuia upepo na mvua, lenye kofia iliyoshonewa shingoni, wanalovaa watalii wakipanda Kilimanjaro? Hilo ndilo anoraki. Ukimwita Mwingereza kwa jina hilo, lakini, jua umemchokoza. Imekuwaje nguo ikageuka kejeli? Fuatana nasi, maana stori hii inagusa hadi sebuleni kwako.

Lilizaliwa kwenye barafu

Neno lenyewe limetoka Greenland, ambako Wainuit huliita vazi hilo annoraaq. Wadenmark, waliofika kutawala kuanzia 1721, walilichukua, na katika miaka ya 1920 likaingia kwenye Kiingereza.

Anoraki ya asili haikuwa na zipu wala vifungo. Ilivaliwa kwa kupitishwa kichwani, upepo usipate pa kupenya. Nyingi zilikuwa za ngozi ya sili, na nyingine zilishonwa kwa utumbo wake, kwa sababu utumbo haupitishi maji.

Kazi ya kushona ilikuwa ya mwanamke. Uzi wake ulikuwa kano za wanyama, na kwenye mishono ya kuzuia maji alihakikisha sindano haitobói ngozi hadi upande wa pili. Haikuwa urembo tu. Mume akienda kuwinda na kayaki, mshono ukiachia, maji ya barafu yanaingia na huenda asirudi. Mume naye asipoleta sili, mke hana ngozi ya kushona wala mafuta ya kuwashia taa. Yaani kila mmoja alishika uhai wa mwenzake mkononi.

Wainuit wa Kanada wana dada wa vazi hili, amauti, lenye mfuko mgongoni wa kumbebea mtoto. Kwetu tungesema koti na mbeleko vimeshonwa pamoja!

Na hadi leo, siku ya harusi, bwana harusi wa Greenland huweza kupendeza kwa anoraki nyeupe na suruali nyeusi. Ndilo vazi la taifa la wanaume, na hakuna anayecheka.

Kejeli ilianzia wapi?

Mwaka 1964 Radio Caroline ilianza kurusha matangazo kutoka melini, nje ya pwani ya Uingereza. Mashabiki wake sugu walikodi boti kwenda kuiona meli, wamejifunika anoraki kukwepa baridi. Miaka ya 1970 watangazaji wakaanza kuwaita kwa jina la nguo yao. Miaka ya 1980 jina likahamia kwa wale wanaosimama stesheni saa kibao wakiandika namba za treni daftarini. Tangu hapo, anoraki ni mtu aliyezama kwenye jambo moja, na ukimpa nafasi atakueleza mpaka usinzie.

Je, unaishi naye?

Pengine unaye. Anakutajia wafungaji wa fainali zote za Kombe la Dunia, au anafungua injini ya gari kila Jumamosi. Au ni shemeji yetu mwenye kabati la vitenge, kila kimoja na historia yake. Kabla hujamtania mbele za watu, jiulize haya:

Hobi yake inakula nini? Kama ni ada ya shule au muda wote wa familia, hapo kuna mazungumzo ya kufanya, tena mapema. Kama ni saa mbili za wikiendi, mwache apumue.

Anaikimbilia au anakukimbia wewe? Anayependa kitu hukuita uje uone. Anayejificha hufunga mlango.

Umewahi kumwuliza swali moja la kweli? Si lazima upende treni. Inatosha kujua kwa nini yeye anazipenda.

Kumcheka mwenzako kwa kitu kinachomfurahisha ni rahisi, na kwenye kundi la marafiki huleta vicheko. Lakini akishachekwa mara tatu, ya nne hakuelezi tena, na wewe utabaki ukishangaa amekuwa mkimya lini. Yule mama wa Greenland alikagua mshono kabla mume hajaingia majini. Nawe kagua wako jioni ya leo, mkiwa wawili, simu zikiwa pembeni.