Chakula na Maji ya Mpanda Baiskeli wa Karagwe na Kyerwa

Mtu atokaye Nkwenda alfajiri na mikungu ya ndizi aliyoikaza kwa mipira juu ya keria, akikusudia kuwahi soko la Omurushaka, aghalabu huwa amekunywa chai tu; na afikapo mlima wa tatu au wa nne, pale ashukapo akaisukuma baiskeli, mkono mmoja ukishika usukani na wa pili ukisukuma mzigo, miguu humlegea ghafula, vidole vikamtetemeka, na jasho la baridi likamtoka. Wenzake husema amechoka, ilhali hakika yake ameishiwa chakula mwilini.

Mwanadamu huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, nayo katika kazi nzito isiyokoma hudumu takriban saa moja na nusu hadi mbili. Na kwa kuwa ile ya ini hutumika usiku kucha tulalapo, aondokaye bila kula huanza safari na akiba pungufu. Mafuta ya mwili yapo tele, lakini huungua polepole mno, hata hayatoshi peke yake kumpandisha mtu kilimani na mzigo.

Inasikitisha kumwona mbeba ndizi akianguka kwa njaa. Kiporo cha matoke na maharage kingemfaa kabla ya kutoka, na ndizi mbivu mfukoni, azile kabla hajahisi njaa: moja ya wastani ina gramu 25 hivi za wanga, na kazi yake yahitaji gramu 30 hadi 60 kwa saa. Kahawa ya kutafuna, ambayo Wanyambo, wenyeji wa huku, huienzi, humchangamsha mtu, lakini haimshibishi.

Ama maji, baridi ya nchi hii ya milima hudanganya, maana upepo hukausha jasho kabla mtu hajalitambua. Nusu lita ya maji yaliyochemshwa kwa saa, kwa mafunda madogo madogo, ni kadiri njema, na jua likizidi aongeze. Bali atokwaye jasho kutwa nzima asinywe maji matupu kwa wingi, kwani chumvi ya damu hupungua, na hilo lina hatari yake, basi atie chumvi kidogo na sukari. Rubisi, ile pombe ya ndizi, ingoje mpaka safari iishe.

Na akishauza asiharakie kurudi tumbo tupu, maana misuli hurejesha akiba yake upesi zaidi katika saa chache za mwanzo baada ya kazi, hususan ikiwa kesho yake atapanda tena.