Nuru na Giza: Nani Aliziumba?

Huenda wewe au kaka yako mmecheza gemu la Diablo. Hadithi yake inaanza kabla ya dunia. Anu anautoa uovu wote uliomo ndani yake, na uovu ule unageuka joka la vichwa saba, Tathamet. Wanapigana hadi wanakufa wote wawili. Uti wa mgongo wa Anu unazaa mbingu ya malaika, mzoga wa joka unazaa jehanamu, na vita vinaendelea baina ya watoto wao.

Mzazi akisikia hivyo hushtuka, na ana haki. Lakini kabla ya kuzima mashine, tuulize wazo hili limetoka wapi.

Limetoka mbali. Katika Uajemi wa kale, wafuasi wa Zoroaster walimwabudu Ahura Mazda, bwana wa hekima, ambaye mwishowe atamshinda Angra Mainyu, roho ya uharibifu. Mani, aliyezaliwa mwaka 216 katika nchi ambayo leo ni Iraki, alikwenda mbali zaidi: Nuru na Giza ni milki mbili zilizokuwapo tangu milele, na ulimwengu huu ni mahali zilipochanganyika. Watunzi wa magemu wanapenda sana nguvu zinazolingana hivi. Upande mmoja ukishinda kabisa, watauza nini mwakani?

Skyrim ya mwaka 2011 ina Anu wake mwingine. Huyu ni utulivu, na mwenzake Padomay ni mabadiliko. Utulivu peke yake hauzai kitu, na mabadiliko peke yake hayaachi kitu kikasimama. Mimi naona hili lina fikra zaidi.

Hata kwetu lipo jambo la kufanana nalo. Kila Julai huko Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi, pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza vinyongo vya mwaka. Kibanda huchomwa moto, kisha watu hula pamoja. Hakuna upande wa shetani pale.

Sasa swali lenyewe: nguvu hizo mbili aliziumba nani? Mani angesema hakuna. Sura ya Al-An'am inafungua kwa kumsifu Mwenyezi Mungu aliyeumba mbingu na ardhi, akafanya giza na nuru. Vyote viwili ni vyake. Iblisi naye ni kiumbe, ameumbwa kwa moto, akakataa kumsujudia Adam. Ana hila na amepewa muda, lakini hana ufalme ulio sawa na wa Mola. Hapo ndipo hadithi ya gemu inapoachana na imani yetu, na ukipajua unaweza kumweleza mama bila kugombana.

Kwa darasa lijalo: chagua gemu moja, uandike sentensi tano kuhusu nguvu zake mbili. Tumia maneno nuru, ambalo tumelipata kwa Kiarabu, na giza, ambalo ni la Kibantu. Mwulize pia bibi kama kwao husema giza au kiza.