MALI BILA DAFTARI: JINSI CHAMA KIWEZAVYO KUUKAGUA MSITU WA MIOMBO

Katika vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku mkoani Tabora, mambo mengi huandikwa kila msimu. Mfuko wa mbolea hautoki ghalani bila saini. Mbegu, dawa, magunia na nyuzi za kufungia tumbaku huingizwa katika hesabu ya kila mwanachama, na siku ya malipo mkopo wake hukatwa hadi senti ya mwisho. Lakini kipo kitu kimoja kikubwa ambacho aghalabu hakionekani katika vitabu, nacho ni kuni. Tumbaku ya mvuke hukaushwa banini kwa moto unaowaka usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Kuni hizo hutoka msituni, na kwa kuwa hazinunuliwi ghalani, hudhaniwa kuwa ni bure.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Wazee wa sehemu za tumbaku hukumbuka siku ambazo kuni zilikatwa nyuma ya bani. Leo katika vijiji vingi hapana budi kutafuta gari la ng'ombe au trekta. Umbali huo ni hasara, ingawa hakuna karani aliyeuandika. Makala haya yanaeleza namna wanachama wa chama cha msingi wanavyoweza kuutembelea msitu wao wa asili, kuuangalia kwa makini, na kurudi na hesabu inayoweza kusomwa mbele ya mkutano mkuu.

Msitu wenyewe ni wa namna gani

Miombo ni misitu ya asili yenye miti ya majani mapana, ambayo hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi. Imeenea katika Tanzania, Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Angola na Kongo. Katika Unyamwezi miti iliyo mingi ni ya jamaa ya mtundu, muyombo na muba. Katikati yake husimama mninga, ambao mbao zake zinajulikana na kila fundi seremala.

Mara nyingi watu huuita msitu huo pori tupu. Jina hilo huleta hasara, kwa maana kitu kiitwacho kitupu hakilindwi. Miti hii huota katika udongo wa kichanga usio na rutuba nyingi, na huweza kuishi humo kwa sababu mizizi yake imeshirikiana na kuvu wa ardhini. Kuvu huutafutia mti chakula katika udongo, na mti huwalipa kuvu kwa sukari itengenezwayo na majani. Uyoga ambao akina mama huuchuma wakati wa mvua ni matunda ya baadhi ya kuvu hao. Miti ikiondolewa pamoja na mizizi yake, ushirika huo nao huvunjika, na uyoga huo hupotea.

Nyuki nao wanautegemea msitu huu. Mtundu huchanua karibu na mwisho wa kiangazi, na muba huchanua baadaye, kwa hiyo nyuki hawakosi maua kwa muda mrefu. Hivyo mfugaji nyuki na mkulima wa tumbaku, hata wakiwa katika vyama viwili mbalimbali, wanakula kutoka katika chungu kimoja.

Wakati wa kwenda na watu wa kwenda

Wakati unaofaa ni mwezi wa Septemba au Oktoba. Nyasi zimekwisha, mtu huona mbali, na miombo huanza kutoa majani mapya hata kabla ya mvua kunyesha. Majani hayo huanza yakiwa mekundu au ya rangi ya shaba, kisha hugeuka kijani. Mti ulio hai hujulikana upesi wakati huo, na mti uliokufa nao hauwezi kujificha.

Safari isiwe ya viongozi peke yao. Pamoja na wajumbe wa bodi, yafaa aende mzee aijuaye mipaka ya zamani, mfugaji nyuki, mama mmoja au wawili wanaochanja kuni, na kijana awezaye kuandika vizuri. Ruhusa iombwe kwanza kwa halmashauri ya kijiji. Ikiwa msitu ni hifadhi ya Serikali Kuu, ruhusa hutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Afisa misitu akipatikana, ujuzi wake utafaa sana.

Jinsi ya kuhesabu

Vifaa vinavyotakiwa ni vichache: kamba yenye urefu wa mita 20, mambo nne, daftari na kalamu. Wakaguzi wapime kiwanja cha mraba chenye mita 20 kila upande. Viwanja 25 vya namna hiyo hufanya hekta moja. Viwanja visichaguliwe mahali pazuri tu wala mahali pabaya tu. Njia iliyo rahisi ni kutembea kwa mstari ulionyooka kutoka ukingoni kuelekea ndani, na kupima kiwanja kimoja kila baada ya hatua 200.

Katika kila kiwanja yaandikwe mambo manne: miti mikubwa iliyosimama, visiki, visiki vyenye machipukizi, na miche. Tuseme katika viwanja 10 imepatikana miti mikubwa 120 na visiki 80. Kwa hekta moja hiyo ni sawa na miti 300 na visiki 200. Maana yake ni kwamba katika kila miti mitano iliyokuwapo, miwili imekwisha kukatwa. Hesabu ya kweli huenda ni mbaya zaidi, kwa sababu visiki vya zamani huliwa na mchwa au huteketea kwa moto.

Kisha yatazamwe machipukizi. Hapo ndipo penye habari njema ya miombo, kwani miti mingi ya msitu huu haifi inapokatwa, bali huchipua upya kutoka katika kisiki na mizizi. Mahali palipokatwa kuni na kuachwa pumzike, msitu huweza kukaribia wingi wake wa awali baada ya miaka ipatayo 20 hadi 30. Lakini mahali palipong'olewa visiki kwa ajili ya shamba na kulimwa miaka mingi, hakuna cha kuchipua. Tumbaku huudhuru msitu kwa njia mbili. Huuomba kuni za bani, na pia huuomba ardhi mpya, kwa kuwa shamba likirudiwa mno hushambuliwa na minyoo ya mizizi.

Alama nyingine zisizopitwa

Alama ya kwanza ni ya moto. Majaribio yaliyoanzishwa karibu na Ndola, nchini Zambia, katika miaka ya 1930 yalionyesha jambo hili waziwazi. Mahali palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, msitu uliharibika ukawa nyasi na vichaka. Mahali palipochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, miti iliendelea kusimama. Mahali palipokingwa kabisa na moto, msitu ulizidi kufunga. Kwa hiyo wakaguzi wakikuta machipukizi yaliyoungua hadi chini na majivu mapya mwezi wa Oktoba, waandike kwamba moto ulipita kwa kuchelewa.

Alama ya pili ni miti iliyobambuliwa magome kuzunguka shina lote ili kutengenezea mizinga. Mti wa namna hiyo hufa, na maua yake hayarudi tena. Mfugaji atumiaye magome huua malisho ya nyuki wake mwenyewe, ilhali mzinga wa mbao hudumu miaka mingi na hauhitaji mti mpya kila mara.

Alama ya tatu ni miche ya mninga. Mche huu una desturi ya ajabu. Kwa miaka kadhaa shina lake hukauka kila kiangazi na kuchipua tena wakati wa mvua, huku mzizi ukizidi kunenepa chini ya ardhi. Asiyejua hudhani kwamba umekufa, akaulima. Yafaa mzee awaonyeshe vijana mche huo, ili waujue kabla jembe halijaukata.

Mfano kutoka Babati

Huenda wapo watakaouliza kama hesabu ya wanakijiji ina nguvu yoyote. Jibu lipo katika msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, wenye hekta zipatazo 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya msitu huo kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipinga, na mabishano yakawa makali. Mwaka 1994 mpango huo uliachwa, na vijiji vinane vinavyouzunguka vikakabidhiwa ulinzi, kila kijiji sehemu yake. Vijiji viliweka mipaka, vikachagua walinzi kutoka miongoni mwa wananchi, na vikatunga sheria ndogo za kuzuia uharibifu kama vile kuchoma mkaa na kubambua magome. Ulinzi ulioonekana kuwa mzigo kwa Serikali ukafanywa na wenye mali wenyewe.

Tangu hapo sheria imekwenda upande wa vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimeviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu ya hifadhi katika ardhi yao. Chama cha msingi si kijiji, wala hakiwezi kujitwalia mamlaka hayo. Lakini wanachama wake ndio wanakijiji, na hesabu yao ikifikishwa mbele ya mkutano wa kijiji haiwezi kupuuzwa kwa urahisi.

Baada ya kurudi

Ukaguzi usiofuatwa na uamuzi ni matembezi tu. Hesabu isomwe katika mkutano mkuu, nao wanachama waamue mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aandikiwe kuni anazotumia kwa kila bani, kama anavyoandikiwa mbolea. Tuseme chama kina wanachama 150, na kila mmoja hutumia matrela 3 kwa msimu. Hayo ni matrela 450, na mkutano ujiulize yatatoka wapi mwaka ujao na mwaka wa tano. Pili, mabani yatengenezwe upya yasipoteze moto, na kila mkulima awe na shamba lake la miti ya kuni. Tatu, chama kiombe kijiji kitenge sehemu zitakazopumzishwa, na nyasi zichomwe mapema kwa mpango.

Ukaguzi urudiwe mwaka unaofuata katika viwanja vilevile, na daftari la kwanza litunzwe pamoja na leja za chama. Miti ikiongezeka, wanachama watajua kwamba uamuzi wao unafaa. Ikipungua, watajua wakati bado iko miti ya kulinda.